Magoti Yanayosagika: Fanya Haya Kabla ya Kununua Dawa Nyingine

Barua na simu zinazonifikia kuhusu magoti zinafanana mno. "Mama ana miaka 63. Akikaa kidogo, kuinuka ni shughuli. Magoti yanalia, jioni yanavimba. Hospitali wamemwambia yamesagika na ute umeisha. Atumie dawa gani?" Kisha hufuata orodha ya vilivyokwisha kujaribiwa: bamia kila asubuhi, supu ya kongoro, mafuta ya nyonyo, vidonge vya maumivu vya duka la dawa la jirani, hijama, na kopo la virutubisho alilotumiwa na mtoto aliye ughaibuni. Fedha imekwenda, goti liko vilevile.

Nitajibu kwa urefu safari hii, na jibu kubwa naliweka mbele. Hakuna dawa, ya hospitali wala ya asili, inayorudisha gegedu lililokwisha kulika. Lakini maumivu yanapungua, mara nyingi sana, na kinachoyapunguza kuliko vingine ni msuli wa paja ulioimarishwa kwa mazoezi ya wiki kadhaa. Ndicho kitu ambacho wengi wanaoniandikia hawajakijaribu hata kidogo, kwa sababu hakiuzwi na hakuna anayekitangaza.

## Goti limefanya nini?

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo: ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linaachiwa na kufyonza ute, kama sifongo. Miaka inavyokwenda gegedu hupungua, mwili hujaribu kukarabati kwa kuotesha vifupa pembeni, na utando wa ndani ya kiungo huvimba. Madaktari huuita ugonjwa huu osteoathraitisi. Mtaani tunasema magoti yamesagika.

Huko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nao, na kati yao milioni 365 uliwapata gotini. Wanawake ni asilimia 60 hivi. Umri unachangia, uzito unachangia, na vivyo hivyo jeraha la zamani: aliyeumia goti mpirani au kwenye ajali ya bodaboda akiwa kijana anaweza kuanza kuchechemea kabla ya miaka 50. Kazi za kuchuchumaa na kubeba mizigo kwa miaka mingi, matege, na ukoo navyo vimo.

## "Lakini ute umeisha, si niurudishe kwa bamia?"

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana imani hii inawachelewesha watu wengi.

Goti lililosagika na kuvimba mara nyingi lina ute mwingi kuliko kawaida. Ndiyo maana daktari huweza kuchomeka sindano akavuta maji. Ubora wa ute huo umepungua, ni kweli, lakini tatizo si kwamba umekauka.

Pili, utelezi wa bamia na mlenda haufiki gotini. Ukishaumeza unapita tumboni, sehemu unavunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana, sehemu unatoka na choo. Supu ya kongoro nayo, pamoja na kolajeni ya makopo, humeng'enywa kuwa vipande vidogo vya protini ambavyo mwili huvipeleka popote unapotaka. Kula bamia, ni mboga nzuri. Kongoro kula kwa kiasi, ina mafuta na chumvi. Ila usivipe kazi ya kutibu goti, na usiahirishe mazoezi ukisubiri ute ujae.

Na mlio wa "ka-ka-ka" unapoinuka? Kama hauambatani na maumivu wala uvimbe, uache. Magoti mengi mazima hulia.

## Hakikisha ni ugonjwa huu

Si kila goti linalouma limesagika. Kwa kawaida daktari hutambua osteoathraitisi kwa kukuuliza na kukushika goti, hasa ukiwa na mambo haya matatu:

- Una miaka 45 au zaidi.
- Goti linauma ukilitumia na linapoa ukipumzika.
- Asubuhi huwa gumu, lakini ugumu haupiti nusu saa.

Magonjwa yanayochanganywa nao:

- Baridi yabisi ya kinga ya mwili. Ugumu wa asubuhi unaochukua saa nzima au zaidi, vidole vya mikono kuvimba pande zote mbili, uchovu. Huwapata hata vijana. Dawa zake ni tofauti kabisa, na kuchelewa kunaharibu viungo.
- Jongo, au gauti. Maumivu makali ya ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na ngozi inakuwa nyekundu na ya moto.
- Maumivu ya nyonga. Nyonga iliyosagika wakati mwingine huumia gotini. Goti likitibiwa bila nafuu, omba nyonga ipimwe.

Nenda hospitali leo, si kesho, ukiona:

- goti limevimba ghafla, la moto, na una homa. Hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, nao huharibu gegedu kwa siku chache;
- huwezi kukanyaga kabisa baada ya kuanguka;
- goti limekwama, halikunjuki;
- maumivu yanakuamsha kila usiku na unapungua uzito bila sababu;
- shavu la mguu limevimba upande mmoja na linauma.

Neno moja kuhusu eksirei. Picha na maumivu haviendi sambamba. Wapo ambao picha zao zinatisha na wanatembea kilomita tano, wapo ambao picha zao ni nzuri na hawalali. Kwa hiyo ukiambiwa "picha yako ni mbaya sana", usikate tamaa. Uliza: je, kuna jambo kwenye picha hii linalobadilisha matibabu yangu? Kama hakuna, endelea na hatua zinazofuata.

## Mazoezi: hapa ndipo pa kuweka nguvu

Najua utakachosema. "Likisagika, nikilitembeza si nitalisaga zaidi?" Hofu hii inaeleweka lakini inakudhuru. Gegedu hulishwa kwa kubanwa na kuachiwa. Anayekaa siku nzima kitandani analinyima chakula, na msuli wa paja unanywea, na goti lisilo na msuli hubeba mtikisiko wote lenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 156 wa goti. Nusu walipewa tiba ya mazoezi kwa usimamizi wa mtaalamu, nusu sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) gotini. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu machache zaidi na walimudu shughuli zao vizuri kuliko waliochomwa.

Anza na haya manne. Huhitaji chombo ila kiti, ukuta na kanga.

1. Kubana paja. Keti au lala, mguu umenyooka. Kunja kanga au taulo, liweke chini ya goti. Likandamize kwa goti hadi uone msuli wa juu ya paja umekakamaa. Hesabu hadi tano, achia. Mara 10 kila mguu. Hili linafaa hata siku goti limevimba.
2. Kuinua mguu. Lala chali, kunja mguu mmoja, mwingine unyooshe. Bana paja kwanza, halafu inua mguu ulionyooka kimo cha shibiri moja na nusu. Hesabu tatu, shusha polepole. Mara 10.
3. Kuinuka kitini. Weka kiti kiegemee ukuta kisiteleze. Miguu upana wa mabega, mikono kifuani. Inuka, simama wima, kisha shuka taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu. Mara 8 hadi 10.
4. Kunyanyua visigino. Shika ukuta, simama kwa vidole, shuka polepole. Mara 10.

Fanya mizunguko miwili, siku moja ukifanya na siku moja ukipumzika. Siku za katikati tembea. Kama uwezo wako ni dakika tano, tembea tano, na wiki ijayo uongeze mbili. Anayepata bwawa au bahari tulivu atembee ndani ya maji yanayofika kiunoni, kwa kuwa maji hubeba sehemu ya uzito wake.

Maumivu kiasi gani yanaruhusiwa? Jipe alama, 0 ni hakuna, 10 ni makali kupita yote. Wakati wa zoezi, hadi 4 au 5 si madhara. Kesho yake goti liwe limerudi kwenye hali yake ya kawaida. Likiwa bado limechachamaa baada ya saa 24, hukukosea kufanya mazoezi, umezidisha tu: punguza idadi kwa nusu, usiache.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara:

- Kujitupa kitini badala ya kushuka polepole. Faida kubwa ya zoezi la tatu iko kwenye kushuka.
- Kiti kifupi mno. Kama huwezi kuinuka bila mikono, panga mablanketi juu ya kiti, uanze juu, upunguze moja moja wiki hadi wiki.
- Kufanya kwa siku nne na kusema haifai. Msuli hauimariki wiki ya kwanza. Jipe wiki 12, na andika mwanzoni jambo moja unaloshindwa (kupanda ngazi za nyumba ya mtoto wako, kwenda sokoni bila kupumzika njiani) uje ulipime tena.
- Kuacha nafuu ikija. Msuli usiotumika unanywea tena, na maumivu yanarudi nao.

Kama hospitali ya wilaya au ya mkoa iliyo karibu nawe ina kitengo cha fiziotherapia, nenda hata mara mbili tu ukaoneshwe. Denmark walianzisha mwaka 2013 mpango wa wagonjwa kufanya mazoezi ya namna hii kwa vikundi, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, na nchi nyingine zikauiga. Sisi tuna vikundi tayari: vikoba, jumuiya ndogondogo, madrasa za kina mama. Dakika 30 kabla ya kikao zinatosha.

## Jikoni, chooni, msikitini na shambani

Ushauri mwingi wa magoti umeandikwa kwa watu wanaokaa kwenye makochi. Maisha yetu yako chini zaidi, na goti linaumia pale.

Jikoni. Mama anayekuna nazi hukaa juu ya mbuzi iliyo chini kabisa, magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kwa muda wa nazi mbili tatu. Akimaliza anashika ukuta ili ainuke. Akiiweka mbuzi hiyo juu ya benchi pana na imara, magoti yanakaa kawaida na kazi ni ileile. Jiko la mkaa nalo lipandishe juu ya matofali. Kufua pia: beseni liwe juu ya meza, si chini.

Chooni. Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowatesa wazee wengi, na wengi wanaona haya kusema. Hupunguza kunywa maji ili wasiende, wakaishia na choo kigumu. Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati cha kuweka juu ya shimo. Ongeza mpini ukutani wa kushika. Gharama yake inaweza kuwa ndogo kuliko chupa moja ya virutubisho.

Katika ibada. Kusujudu na kukaa tahiyatu huumiza goti lililosagika. Dini imeruhusu anayeshindwa kusimama au kukaa chini aswali kwenye kiti. Muulize sheikh wako namna sahihi ya rukuu na sijda ukiwa kitini. Kwa Wakristo wanaopiga magoti kwa muda mrefu, kaeni kwenye benchi.

Shambani na safarini. Gawa kazi: saa moja ya jembe, robo saa ya kusimama na kutembea, kisha urudi. Ndoo moja kubwa ya maji igeuke madumu mawili madogo, au safari mbili.

Fimbo. Ishike mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Goti bovu la kulia, fimbo mkono wa kushoto. Mguu mbaya na fimbo viende mbele pamoja. Wengi hufanya kinyume na kulemaza bega bure. Urefu: simama na viatu, mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono karibu na kiganja. Na asikucheke mtu. Fimbo inayokupeleka sokoni ni bora kuliko heshima inayokufungia ndani.

## Uzito

Kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua. Kilo tano ni ishirini kwa hatua, nawe unapiga maelfu ya hatua kwa siku.

Huhitaji chakula cha ajabu. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Ondoa soda na juisi za sukari. Punguza chapati na maandazi ya asubuhi, maana huwa na mafuta mengi kuliko tunavyodhani. Na kama wewe ni mwembamba na magoti bado yanauma, sehemu hii haikuhusu. Usijinyime chakula, kwa sababu utapoteza msuli unaouhitaji.

## Dawa za hospitali: faida na hatari zake

Dawa hupunguza maumivu ili uweze kutembea na kufanya mazoezi. Hiyo ndiyo kazi yake, na si ndogo. Zipange hivi:

Jeli ya kupaka ya diklofenaki iwe ya kwanza kwa goti. Inaingia kidogo sana kwenye damu, kwa hiyo tumbo na figo haviathiriki kama kwa vidonge. Paka mara tatu au nne kwa siku, kwa wiki moja au mbili kabla ya kuamua kama inafaa. Usifunge nailoni juu yake, usikandie joto palepale ulipopaka, na nawa mikono usije ukashika macho.

Parasetamoli nafuu yake kwa ugonjwa huu ni ndogo kuliko tulivyoamini zamani, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 hauipendekezi tena kwa matumizi ya kila siku. Ukiitumia kwa siku ngumu, mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na ahesabu pia iliyomo kwenye dawa za mafua. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi aulize kwanza.

Vidonge vya diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake. Vinafanya kazi. Lakini hivi ndivyo vinavyonipa wasiwasi kuliko dawa nyingine zote, kwa jinsi vinavyouzwa kama pipi. Vinaweza kutoboa tumbo bila onyo, kupandisha presha, kuharibu figo na kuongeza hatari ya moyo. Usivitumie bila daktari kama:

- una au uliwahi kuwa na vidonda vya tumbo;
- una ugonjwa wa figo au wa moyo;
- unameza dawa za kuzuia damu isigande;
- unameza dawa za presha, hasa ukiwa kwenye dawa za kukojoza pamoja na dawa nyingine ya presha. Ukiongeza diklofenaki juu ya hizo mbili, figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku au wiki.

Asiye na hayo atumie kiwango kidogo kinachotosha, kwa siku chache, baada ya kula. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha mara moja uende hospitali. Na usichanganye diklofenaki na ibuprofeni ukidhani mbili ni bora. Zote ni jamii moja, na unajiongezea madhara tu.

## Sindano za ndani ya goti

*Steroidi.* Hutuliza kwa wiki kadhaa. Inafaa kwa goti lililochachamaa sana, au kabla ya harusi ya mwanao, au ili uweze kuanza mazoezi. Kuirudiarudia si busara: utafiti wa mwaka 2017 uliowachoma wagonjwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili ulionesha gegedu lao limepungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Mwenye kisukari apime sukari kila siku kwa wiki moja baada ya sindano, itapanda.

*"Sindano ya ute"* (asidi ya hialuroniki). Ni ghali, na nafuu yake juu ya sindano tupu ni ndogo mno. Mwongozo wa Uingereza unasema isitolewe.

*Sindano ya chembe za damu yako mwenyewe (plateleti).* Inatangazwa sana sasa. Mwaka 2021 Australia walitoa matokeo ya watu 288: baada ya mwaka mmoja, maumivu ya waliochomwa plateleti hayakupishana kwa kiasi cha maana na ya waliochomwa maji ya chumvi. Usiuze kiwanja kwa ajili yake.

## Tiba asilia na mbadala: kipi ukitumie, kipi ukiache

Sitakuambia utupe kila kitu cha bibi. Sitakuambia pia kwamba "cha asili hakina madhara", kwa sababu si kweli.

Joto na kuchua. Kitambaa cha maji ya moto au chupa iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15, kinalegeza goti gumu la asubuhi. Goti lililovimba na lenye joto lenyewe likandwe kwa baridi. Kuchua kwa mafuta ya nyonyo, nazi au karafuu kunatuliza kwa muda, na mkono wa mtu anayekupenda ni sehemu ya tiba hiyo. Mchuaji asivute wala kulazimisha goti likunjike. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu ajihadhari na kuungua.

Pilipili. Krimu yenye kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, inasaidia kiasi ikipakwa kila siku kwa wiki chache. Pilipili ya jikoni iliyopondwa haina kipimo. Inaunguza ngozi.

Manjano na tangawizi. Tafiti kadhaa ndogo zinaonesha manjano yanapunguza maumivu kidogo. Kwenye chakula hayana shida. Vidonge vyake vyenye nguvu asivimeze anayetumia dawa za kuzuia damu isigande bila kumwambia daktari.

Ubani. Unasifiwa pwani, na Oman zaidi. Tafiti zilizotoa matumaini zilitumia kidonge kilichotengenezwa kwa ubani wa Kihindi, Boswellia serrata. Ule wa kufukiza nyumbani kutoka Oman au Somalia ni wa mti mwingine, na mafuta yake hayanywewi.

Glukosamini na kondroitini. Haya ndiyo makopo yanayotumwa kutoka Ulaya, Marekani na Ghuba kwa upendo mwingi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,583, ulikuta kwa jumla hayakushinda kidonge kitupu. Mpendwa uliye mbali, fedha hiyo lipia fiziotherapia ya mzee, kiti cha choo na fimbo nzuri. Atakushukuru zaidi.

Sindano za Kichina. Wataalamu wenyewe hawakubaliani: chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliziruhusu kwa masharti mwaka 2019, Uingereza ikazikataa mwaka 2022. Ukitaka kujaribu, sindano ziwe mpya mbele ya macho yako. Mazoezi ya taratibu ya taichi, kwa upande mwingine, Wamarekani haohao waliyapendekeza kwa nguvu.

Hijama na chuku. Ushahidi wa nafuu ni dhaifu. Wembe au kisu kilichotumika kwa mwingine kinaweza kukupa homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Usikubali bila wembe mpya na vikombe visafi, na usifanye kabisa kama una kisukari kisichodhibitiwa au unameza dawa za kuzuia damu isigande. Chale za kuchanjwa gotini na kupakwa unga, acha.

Dawa isiyo na lebo inayotibu kwa usiku mmoja. Umeiona: unga wa kahawia kwenye chupa ya maji iliyotumika, au vidonge ndani ya karatasi. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Siku ya pili mgonjwa anapanda ngazi, familia nzima inashangilia. Jiulize ni mzizi gani unaofanya hivyo. Mara nyingi ni steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni, au diklofenaki, iliyosagwa na kuchanganywa. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa za jina la Artri King zilizouzwa kama virutubisho vya viungo, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni zisizoandikwa kwenye lebo. Dalili za kukutahadharisha:

- nafuu kubwa ndani ya siku moja au mbili;
- hamu ya kula kupanda, uso kuwa mviringo na kujaa;
- sukari au presha kupanda bila sababu;
- maumivu kurudi kwa ukali ukikosa dozi.

Kama umeitumia kwa wiki kadhaa, usiikatize ghafla, mwili unaweza kuzimia kwa kukosa steroidi uliyoizoea. Beba chupa yenyewe uende nayo hospitali, umwambie daktari ukweli wote. Hakuna daktari mwema atakayekufokea kwa hilo, na akifoka, tafuta mwingine.

## Upasuaji

Kwanza ule wa kukataa. Ukishauriwa "kusafishwa goti" kwa kamera kwa sababu tu limesagika, jua kuwa mwaka 2002 madaktari wa Houston walilinganisha wagonjwa waliosafishwa na waliochanwa ngozi tu bila kufanyiwa chochote ndani, wagonjwa 180 kwa jumla. Maumivu yalikuwa sawa.

Kubadilishiwa goti ni jambo jingine. Mifupa iliyolika hukatwa ncha na kuvikwa chuma na plastiki ngumu. Hapa kwetu Tanzania hufanyika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, na Kenya katika hospitali kama Kijabe na Kikuyu. Takwimu za nchi zenye rejista zinaonesha magoti 82 kati ya 100 yaliyowekwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Muda wake umefika pale ambapo mazoezi ya miezi yamefanyika kweli, dawa hazitoshi, na hulali au hutoki nje. Kusubiri hadi mguu upinde na msuli ufe kunafanya matokeo yawe mabaya zaidi.

Kabla ya tarehe: shusha sukari na presha, tibu jino bovu na kidonda chochote cha mguuni, acha sigara, na endelea na yale mazoezi manne. Goti jipya halikunjiki kama la ujana, kwa hiyo kiti cha choo kiwe tayari kabla hujaondoka nyumbani. Mwulize daktari wa upasuaji:

- Umefanya mangapi mwaka huu, na wangapi walipata maambukizi?
- Bima yangu inalipia kiungo chenyewe, au kitanda tu?
- Nitasimama siku gani baada ya upasuaji?
- Wapo wanaobaki na maumivu. Kwangu uwezekano ni upi?
- Nikirudi kijijini, nani atanisimamia mazoezi ya wiki sita za kwanza?